Mlango wa Malenga (Sehemu ya Tisa)

Wiki jana tuliachana pabaya, msomaji. Kitinda alikuwa kando ya kitanda cha baba yake, gazeti la Alhamisi mkononi, ndiyo kwanza amemaliza kumsomea ubeti wa kwanza wa shairi lililochapishwa kwa jina la mzee huyo. Na mzee, ambaye kiharusi kilimnyang'anya ulimi huu mwezi wa kumi na nane, akafumbua mdomo na kusema maneno mawili.

"Nani kakwambia?"

Gazeti lilimponyoka Kitinda likaanguka sakafuni.

Wewe uliyetukuta njiani, nikupe mkono upande. Mzee huyu watu wote humwita Malenga. Kwa miaka arobaini shairi lake limetoka kila Alhamisi bila kukosa. Alipoanguka, bintiye wa mwisho, Kitinda, mpiga chapa katika duka la vifaa vya ofisi, alipeleka gazetini mashairi yaliyobaki kwenye mtoto wa meza. Yalipokwisha, akafanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Aliyapiga picha madaftari kumi na mawili ya baba yake, ukurasa kwa ukurasa, akayatia kwenye programu ya akili mnemba, akaiamuru: andika kama mtu huyu.

Ikaandika. Yeye akawa anapunguza mizani iliyozidi na kunyoosha vina vilivyopinda, kisha anatuma. Mwezi wa nane sasa. Wasomaji walikuwa wakiandika barua kwamba ugonjwa umemnoa Malenga.

Sasa turudi chumbani.

"Baba, umesema," Kitinda alinong'ona. "Sema tena. Nani kaniambia nini?"

Malenga hakumtazama. Macho yake yalikuwa yamekwama kwenye pazia la mlangoni. Midomo ilicheza, mate yakamtiririka kidevuni, lakini sauti haikuja tena.

Pazia likafunguka. Shangazi aliingia na beseni la maji ya kumwogesha kaka yake, taulo begani.

"Nilisikia mtu anaongea. Una mgeni?"

"Ni baba."

Shangazi aliliweka beseni chini taratibu sana, asimwage hata tone. "Kasema nini?"

"Kasema, nani kakwambia."

"Ulikuwa unamfanyia nini?"

"Namsomea gazeti. Shairi la leo."

Shangazi aliliokota gazeti. Alisoma kwa kidole, midomo ikimfuata, kama alivyofundishwa shule ya ngumbaru:

*Mlango nilipofunga, ufunguo mfukoni,*
*Mwenzangu alipogonga, kalamu imo winoni,*
*Pumzi ikamsonga, akiwa kizingitini,*
*Beti zangu nikitunga, sikuinuka kitini.*

Kidole kilifika mwisho wa mstari wa nne kisisogee tena. Akamshika Kitinda kifundo cha mkono, akamburuta hadi jikoni, akafunga mlango.

"Nani kakwambia?"

Maneno yale yale.

"Kaniambia nini, shangazi? Ni shairi tu."

"Usinifanye mtoto. Mimi ndiye ninayemlisha, mimi ndiye ninayemgeuza ubavu. Kaka yangu hajashika kalamu tangu aanguke. Nilijua siku zote kwamba unaandika wewe, nikasema mtoto anamsitiri baba yake, mwache. Lakini hili umelitoa wapi?"

Kitinda aliinamisha kichwa. Alishajitayarisha kuja kuyasema maneno haya siku moja, ila si jikoni, na si kwa mtu aliyemkazia macho namna hii.

"Siandiki mimi. Inaandika mashine. Niliipa madaftari yake, nayo inatunga."

"Mashine."

"Ndiyo. Ya kwenye kompyuta. Hata kwenye simu imo."

Shangazi alifikiri kidogo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, bila mzaha wowote:

"Ilikuwepo siku ile?"

"Siku ipi?"

Hapo Shangazi akajua amejikwaa. Alitaka kugeuka aondoke, lakini Kitinda aliegemea mlango wa jikoni kwa mgongo.

"Siku ipi, shangazi?"

Mwanamke yule alivuta kigoda akaketi. Alikuwa na miaka sabini kasoro, na kwa mara ya kwanza Kitinda aliiona yote.

"Mama yako hakufia hospitali," alisema.

Tangu akiwa na miaka minne, Kitinda aliishi na kauli moja: mama alizidiwa na pumu, akakimbizwa hospitali, akafia huko. Aliisema shuleni, aliijaza kwenye fomu, alimwambia mchumba aliyekuja akaondoka. Sasa aliisikia ikivunjika.

"Alifia hapo," Shangazi alisema, akionyesha kwa kidevu upande wa chumba cha Malenga. "Kwenye kizingiti. Baba yako alikuwa na desturi ya kujifungia akitunga. Hapo hata nyumba iungue hafungui. Siku ile mama yako alikuwa amefagia mle ndani asubuhi, akalisahau kopo lake la kuvuta dawa juu ya meza. Mchana pumu ikambana. Akaenda kugonga."

"Na baba?"

"Alikuwa anamalizia shairi."

"Shairi gani?"

Shangazi alilitaja. Kitinda alishika ukingo wa sinki. Lilikuwa ndilo shairi lililompa baba yake jina, lile ambalo watoto wa shule hulikariri hadi leo. Yeye mwenyewe alilighani jukwaani akiwa darasa la tano, amevaa soksi nyeupe, watu wakasimama kumpigia makofi.

"Wewe ulikuwa wapi, shangazi?"

"Sokoni. Niliporudi nilimkuta amelala pale, vifundo vya vidole vimechubuka. Ndipo baba yako akafungua. Tukakubaliana tuseme hospitali. Kulikuwa na nyie watoto, na ndugu zake mama yako walikuwa watu wa shari. Mlango ule aliung'oa mwenyewe wiki ile ile, akauchoma uani."

Kitinda aliwahi kuuliza, utotoni, kwa nini chumba cha baba kina bawaba lakini hakina mlango. Aliambiwa uliliwa na mchwa.

Akatoa simu. Shangazi alimtazama akibonyeza, akidhani anampigia mtu. Kumbe alikuwa akiiuliza mashine: ubeti huu wa mlango umeutoa wapi?

Jibu lilikuja kabla hajavuta pumzi ya pili, maneno makavu kama risiti. Hakuna tukio kama hilo lililosimuliwa katika madaftari, iliandika. Lakini neno "mlango" limetokea mara mia mbili na kumi na nne, na karibu kila mara liko jirani na kugonga, komeo, pumzi au kizingiti. Katika daftari la kwanza na la pili halimo kabisa. Linaanza daftari la tatu.

Kitinda aliyajua madaftari yale. Daftari la tatu lilianza mwaka aliokufa mama yake.

Fikiri, msomaji. Mashairi ya harusi, ya mavuno, ya kumpongeza mwalimu anayestaafu. Kitinda ameyapiga chapa tangu akiwa msichana, na mlango umo ndani yake mara mia mbili na kumi na nne, asiuone. Baba mtu alikuwa akiungama kila wiki mbele ya taifa zima, kidogo kidogo, nalo taifa likimsifia vina. Mashine haikujua lolote. Iliviokota vipande na kuviweka pamoja, basi.

Alimwacha Shangazi kigodani, akarudi chumbani.

Malenga alikuwa macho. Kitinda aliketi, akaushika mkono wa kushoto, ule ambao ugonjwa uliuachia nguvu kidogo. Walikuwa na lugha yao: kubana mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

"Baba, nina neno. Mashairi ninayokusomea si yako. Si yangu pia. Kuna programu, nimeilisha madaftari yako. Nilitaka jina lako lisife kabla yako. Nisamehe."

Mkono ulibana mara moja.

"Umenisamehe?"

Mara mbili. Hapana.

Kisha Kitinda akaelewa. "Ulikuwa unajua?"

Mara moja.

Alikuwa akijua. Miezi minane, kila Alhamisi, amelazwa chali anasomewa maneno yasiyo yake kwa jina lake, asiweze hata kukunja uso.

"Mama aligonga?"

Mkono ulibana mara moja, ukabana hadi pete ikamuumiza Kitinda kidoleni, na haukuachia.

"Hodi," sauti ya kiume ilisikika barazani.

Mwenye sauti hakusubiri kukaribishwa. Kitinda alipotoka, aliwakuta watu wawili sebuleni. Mmoja alikuwa Mhariri wa ukurasa wa mashairi, mwembamba, miwani imemshuka puani. Wa pili alikuwa Mjomba, kaka yake mama, aliyeendesha malori ya masafa kwa miaka thelathini. Mkononi alikuwa na gazeti lililokunjwa mara nne.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Baba yako yuko?"

"Yuko ndani. Hali yake si nzuri leo."

"Hata yangu." Mjomba aliketi bila kuvua kofia. Shangazi alitokea jikoni, akamwona, akasimama kando ya kabati la vyombo. Mjomba hakumsalimia.

Mhariri alikohoa. "Mzee huyu alikuja ofisini saa sita. Anataka kuuona mwandiko wa shairi la leo. Nikamwambia mwandiko sina, mashairi huletwa yamepigwa chapa. Akasema basi twende wote."

"Wacha nieleze mwenyewe," Mjomba alisema. Hakuwa akipaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Kitinda. "Dada yangu alipokufa nilikuwa safarini. Nilifika siku ya tatu, ameshazikwa. Nikaambiwa kafia hospitali. Nikaenda hospitali yenyewe kumshukuru daktari, jina lake halikuwa kwenye kitabu chao. Nikarudi hapa kuuliza. Shemeji huyu aliyesimama hapa akaniambia makarani wazembe. Nikanyamaza, kwa kuwa watoto wa dada yangu walikuwa wanakula kwa mkono wa bwana huyu. Nimenyamaza miaka thelathini na moja." Akagonga gazeti kwa kidole. "Leo nipo kwa kinyozi nasubiri zamu, nasoma hivi. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

"Unataka nini, mjomba?"

"Polisi siwataki. Watamfunga nani, kitanda? Nataka anitazame aniambie, hiki alichoandika ni kweli au si kweli."

Kitinda alisimama katikati ya sebule. Nyuma yake lilikuwa pazia, na nyuma ya pazia baba yake, anayesikia kila neno. Upande wa kulia, Shangazi alikuwa akimtazama kwa macho ya kuomba. Simu ilikuwa mfukoni, na mle ndani mia mbili na kumi na nne.

Angeweza kunyamaza, baba yake akahukumiwa. Au angeweza kusema ukweli nusu. Alichagua nusu.

"Mjomba, hilo shairi si la baba."

"Jina lake hili hapa."

"Nililiweka mimi. Baba hajaandika mstari tangu augue. Mashairi ya miezi minane yametungwa na akili mnemba. Mashine, mjomba. Naiambia itunge, inatunga. Yenyewe inaunganisha maneno tu, ikikosa kina inazusha. Wiki iliyopita ilizusha ndege. Leo imezusha mlango, na ikazusha na maiti."

Kitinda alimgeukia Mhariri, akingoja alipuke.

Mhariri alivua miwani akaifuta kwa shati. "Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Tangu mwezi wako wa pili. Baba yako katika kila shairi alikuwa na mstari mmoja wa ukaidi, anauvunja kina makusudi, halafu ananipigia simu kuhakikisha sijausahihisha. Tumegombana miaka kumi na minne juu ya mistari hiyo. Yako yalikuja yamenyooka kama rula. Lakini barua za wasomaji zilikuwa zinajaa gunia, na mimi nina bosi. Nikafumba macho." Akavaa miwani. "Sasa haiwezekani tena. Alhamisi ijayo ukurasa utaomba radhi. Nitaandika jina lako, si lake. Utaitwa mwizi wa jina la baba yako, na watu hawatakuonea huruma."

"Andika," Kitinda alisema.

Dukani watamfukuza, alijua. Mtaani watamwonyesha kidole. Lakini alimwona Mjomba akivua kofia, akaona mabega yale mapana yakishuka, akajua uongo umeshika.

"Mashine," Mjomba alisema polepole.

"Ndiyo, mjomba."

"Na dada yangu?"

"Alifia hospitali. Kama tulivyoambiwa sote."

Mjomba alikaa akilitazama gazeti kwa muda. Alilikunjua, akalikunja tena, akaliweka mezani kana kwamba halikuwa lake. Alipoinuka alikuwa mzee kuliko alivyoingia.

"Basi nimekuja kumtukana mgonjwa ndani ya nyumba yake," alisema. "Miaka yote nimemla nyama moyoni mwangu, kumbe makarani."

Shangazi alishusha pumzi ndefu. "Yamekwisha, shemeji. Kaa nikuletee hata maji."

"Sinywi. Nimuage tu."

Hakuingia chumbani. Aibu ilimzuia. Alikwenda akasimama mbele ya pazia, mikono imeshika kofia kifuani, akainamisha kichwa kama mtu anayesimama mbele ya kaburi.

"Shemeji," alisema. "Najua unanisikia. Nilikudhania vibaya miaka thelathini na moja. Nisamehe."

Kitinda alifumba macho. Uongo wake aliuona sawa ulipokuwa mdomoni mwake. Kumwona mtu mzima akiomba msamaha kwa sababu ya uongo huo hakukuwa sawa hata kidogo.

Kitanda kililia. Kisha ikasikika pumzi, nzito, yenye mkwaruzo, ya mtu anayebeba mzigo kupanda ngazi. Ikakatika. Ikaanza tena.

Na kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti iliyopasuka, lakini wazi, herufi kwa herufi, Malenga akasema:

"Tulimsikia."

Mjomba alirudi nyuma hatua mbili, kofia bado kifuani. Ameungama, Kitinda aliwaza. Nimemtoa shimoni, amejirudisha mwenyewe.

Mhariri ndiye aliyeelewa kwanza, maana kazi yake maisha yote ilikuwa kupima silabi za watu wengine.

"Hakusema nilimsikia," alisema taratibu. "Shairi la mashine lina mtu mmoja ndani. Nilipofunga, sikuinuka. Yeye amesema *tu*."

"*Tu* nani?" Mjomba aliuliza, akimsogelea Mhariri na kulipa pazia mgongo.

Kitinda alihesabu waliokuwemo nyumbani siku ile. Baba. Mama, kwenye kizingiti. Yeye, mtoto wa miaka minne. Ndugu zake walikuwa shule. Na Shangazi alikuwa sokoni, Shangazi mwenyewe ndivyo alivyosema, robo saa tu iliyopita, pale jikoni.

Aligeuka kuelekea kabati la vyombo.

Hapakuwa na mtu. Shangazi alikuwa ameondoka na taulo lake.

Pazia la chumba cha Malenga lilikuwa likicheza, kama lichezavyo mtu anapokuwa amepita sasa hivi. Ndani, mzee alianza kutamka neno la pili.

Likakatika katikati.